Familia nzima bustanini, na mtoto hakuwa na mwangalizi

Shikamoo Shangazi,

Ninakuandikia kuhusu jambo ambalo wengine wataliona dogo, lakini limeninyima raha na limeingiza ubaridi kati yangu na ndugu wa mume wangu. Familia yetu ni kubwa. Tukikutana sote, yaani mama mkwe, mashemeji, mawifi, wenzi wao na watoto, tunazidi watu kumi na watano, na hakuna nyumba ya mmoja wetu inayotutosha. Kwa sababu hiyo mama mkwe alipendekeza tukashinde pamoja katika bustani kubwa ya umma, yenye ziwa, miti mingi, viwanja vya mpira na sehemu mbili za michezo ya watoto, na kila mtu akaafiki.

Maandalizi yaliniangukia mimi. Nilipika tangu usiku, nikafungasha vyombo, majamvi na nguo za akiba za watoto, na tulipofika karibu na saa sita mchana tukakuta vivuli vyote vizuri vimekwisha kuchukuliwa, tukaishia kuketi mbali na vyoo na mbali zaidi na lango. Mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua, alitembea mwendo huo wote kwa taabu, kisha akabaki juu ya jamvi mpaka jioni, akilinda mikoba na kubembeleza watoto wachanga. Vijana walitawanyika. Mashemeji walikwenda kucheza mpira. Mimi nilikuwa ninapakua chakula, nikiamini kwamba mwanangu wa miaka minne yuko kwenye bembea pamoja na binamu zake na watu wazima waliokuwa huko, nao waliokuwa huko waliamini kwamba amerudi kwangu.

Alipatikana karibu na ziwa, ameshikwa mkono na mama mmoja tusiyemjua. Hakuwa na jeraha lolote. Lakini pale pale wifi yangu mkubwa alisema mbele ya wote kwamba mama anayemjali mwanawe hawezi kumpoteza ilhali amezungukwa na familia nzima. Mimi nilinyamaza, na mume wangu naye akanyamaza. Tangu siku hiyo mimi na wifi tunasalimiana tu. Mtoto mwenyewe, kila tunapokutana, huitwa "mtalii" na watu wakacheka.

Sasa mama mkwe anataka tuirudie safari hiyo. Mume wangu anasema kwamba mara hii kila mtu atakuwa mwangalifu, na kwamba mapumziko yakipangiwa ratiba hugeuka kuwa kazi ya ofisi. Binti yetu wa miaka 15 ametangaza kwamba haendi. Je, nikatae? Na nikikubali, nifanyeje ili bibi, vijana na watoto wadogo wapate siku njema bila mimi kuwa mtumishi wa wote, na bila kuonekana kwamba ninalipiza kisasi kwa wifi?

Mama wa Watatu

*

Marahaba, mwanangu.

Ninaanza na mumeo, kwa kuwa sentensi yake ndiyo iliyobeba hatari yote. Kusema kwamba kila mtu atakuwa mwangalifu ni kurudia ule ule mpango ulioshindwa, kwa sababu siku ile pia kila mtu alikuwa mwangalifu kwa namna yake: wewe uliwategemea waliokuwa kwenye bembea, wao wakakutegemea wewe, na mtoto akapita katikati ya imani hizo mbili mpaka ziwani. Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walichapisha jaribio ambalo washiriki walisikia kupitia vipokea sauti vya masikioni mtu akipatwa na kile walichodhani ni kifafa. Walioamini kuwa wako peke yao na mgonjwa, asilimia 85 walikwenda kutafuta msaada kabla kifafa hakijaisha. Walioamini kuwa kuna watu wengine wanne wanaosikia, waliofanya hivyo walikuwa asilimia 31 tu. Hawakuwa watu wenye roho mbaya. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kudhani kwamba mwingine ameshanyanyuka. Jaribio hilo halikuhusu watoto wala bustani, lakini hali aliyoieleza wifi yako kama ushahidi dhidi yako, yaani kuzungukwa na familia nzima, ndiyo hasa inayorahisisha mtoto kupotea.

Kwa hiyo, mwanangu, hukumpoteza mtoto kwa kutojali, wala waliokuwa kwenye bembea hawakumpoteza kwa kutojali. Hakuna aliyekuwa amekabidhiwa mtoto yule kwa jina lake, na hilo ndilo la kurekebisha kabla ya kufikiria jamvi, chakula au magari.

Namna ya kulirekebisha ni rahisi kuieleza na ngumu kidogo kuizoea. Kwa kila kipindi cha nusu saa, mtu mzima mmoja awe mwangalizi wa watoto wadogo, ajulikane kwa wote, na katika nusu saa hiyo asipakue chakula, asicheze mpira, asishike simu wala asiingie katika mazungumzo marefu. Ningependa avae filimbi shingoni, kwanza kwa sababu sauti yake hufika mbali kuliko ya mtu anayepiga kelele, na pili kwa sababu filimbi hiyo inapovuliwa na kuvishwa mwingine, wote wanaona kwamba zamu imehama. Makabidhiano yafanyike kwa maneno na kwa majina: "Wanne wako kwenye bembea, fulani amelala kwa bibi, sasa ni wako." Anayepokea ajibu. Anayetaka kwenda chooni kabla zamu yake haijaisha atafute wa kumpokea kwanza, na asiondoke kwa kuwa ameona watu wengine wazima wamesimama karibu. Watoto wakiwa wengi na wametawanyika katika sehemu mbili, waangalizi wawe wawili, kila mmoja na sehemu yake.

Ziwa lina kanuni yake peke yake. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuzama majini miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watoto wadogo duniani, na jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba mtoto anayezama kwa kawaida hapigi kelele wala hapungi mikono. Kinywa chake kikiwa majini hakina nafasi ya kuita, na yote yanaweza kwisha katika muda wa mtu kujibu ujumbe wa simu. Mtoto asiyejua kuogelea anapokuwa ukingoni mwa maji, mtu mzima awe karibu kiasi cha kumfikia kwa kunyoosha mkono. Na iwapo mtoto yeyote hataonekana, msianze kwenye bembea wala vyooni, hata kama ndiko mnakodhani aliko. Mtu mmoja akimbilie majini papo hapo na wengine wagawane sehemu nyingine, kwa kuwa mtoto aliyejificha nyuma ya mti atakuwa bado yupo nyuma ya mti baada ya dakika tano.

Asubuhi, kabla ya kuondoka nyumbani, mpige kila mtoto picha akiwa na nguo alizovaa, kwani mzazi aliyetishika huweza kusahau hata rangi ya shati la mwanawe. Namba yako ya simu iandike kwenye mkono wake kwa kalamu isiyofutika upesi, au kwenye karatasi iliyofichwa ndani ya nguo. Jina lake lisiandikwe mahali pa kuonekana, maana mtoto humwamini mgeni anayemwita kwa jina. Mfundishe kwamba akiona hawaoni watu wake asimame pale pale alipo, na akihitaji msaada amwendee mfanyakazi wa bustani mwenye sare au mama aliye na watoto wake. Yaelekea mwanao alikutana na mtu wa namna hiyo kwa bahati. Afadhali safari ijayo ajue mwenyewe wa kumtafuta.

Hapa ndipo ninapotaka umwombe mumeo akomeshe jina la "mtalii". Wanaocheka hawana nia mbaya, ni njia yao ya kuusahau woga wa siku ile, lakini mtoto wa miaka minne anachojifunza ni kwamba kupotea ni aibu. Mtoto mwenye aibu hujificha. Akisikia anaitwa na familia nzima kwa sauti za hasira, huenda akachutama kichakani badala ya kuitika, na utafutaji ukawa mgumu maradufu. Mume aseme neno moja tu, yeye kwa ndugu zake, na liishe.

Sasa tuje kwenye mahali na saa, ambapo makosa ya siku ile yalikuwa ya kawaida kabisa. Kufika saa sita katika bustani kubwa ni kufika wakati jua limewaka, vivuli vimekwisha na watoto wana njaa. Miali ya jua inayounguza ngozi huwa mikali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, kwa hiyo familia yenye wachanga na mzee hunufaika kwa kuanza mapema na kuondoka mapema. Shemeji mmoja asiye na watoto wadogo atangulie bustani inapofunguliwa, achague mahali, atandike. Aangalie mambo matatu: umbali wa vyoo, uwezo wa kuona bembea akiwa ameketi, na umbali wa ziwa, ambao uwe mrefu kadiri iwezekanavyo. Kivuli kizuri cha asubuhi huweza kumdanganya mtu, kwa kuwa asubuhi kivuli huangukia upande wa magharibi wa mti na alasiri huhamia mashariki. Atakayetandika magharibi saa mbili atajikuta juani baada ya saa sita. Atazame na juu pia, asiwaweke watoto chini ya tawi lililokauka.

Mkishapata mahali, pawe ndipo makao yenu mpaka mwisho, na msitake kuimaliza bustani yote. Familia nyingi huharibu siku kwa kujaribu kuona ziwa, msitu, maua na viwanja vyote kwa sababu wamekuja mbali, wakakokota mizigo, wazee na watoto wenye usingizi kutoka kona hii hadi ile. Ukubwa wa bustani ni faida kwa sababu unawaruhusu watu wenye mahitaji tofauti wasibanane. Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, walipobuni Central Park ya New York mwaka 1858, waliwatengea njia zao waendao kwa miguu, wapanda farasi na magari ya kukokotwa na farasi, na barabara za kuvuka bustani wakazizamisha chini ya usawa wa ardhi ili pilikapilika za mji zisiwakatize watembeao. Utulivu ambao mumeo anadhani huja wenyewe, kuna watu waliokaa mezani wakaupanga. Mwambie hivyo, na umwambie pia kwamba ratiba ninayoitaka ni ya waangalizi peke yake. Saa ya kucheza, ya kulala na ya kutembea iachwe ijiamulie.

Mama mkwe ashushwe kwenye lango lililo karibu zaidi na makao yenu, hata kama gari litalazimika kuzunguka, na apelekewe kiti chenye egemeo na mikono, kwa kuwa mtu mwenye maumivu ya magoti hunyanyuka kwa kusukuma mikono ya kiti, jambo ambalo jamvi haliwezi kumpa. Na tafadhali, asigeuzwe yaya na mlinzi wa mizigo kwa sababu tu ameketi. Yeye ndiye aliyeitaka siku hii, na nina shaka kama aliitaka ili atazame mikoba. Kila saa mmoja wa watoto wake wa kuzaa aende kuketi naye bila kazi nyingine, au amtembeze taratibu kwenye njia tambarare. Utashangaa ni wangapi kati yao hawajazungumza na mama yao kwa nusu saa mfululizo tangu mwaka uanze.

Kuhusu binti yako, usimlazimishe kwa machozi wala kwa amri. Msichana wa miaka 15 anapokataa siku ya familia, mara nyingi anachokikataa ni kukabidhiwa watoto wa watu kutwa nzima au kulazimishwa kuonyesha furaha asiyokuwa nayo. Muulize ni lipi kati ya hayo. Mpe kitu cha kweli: aende na binamu wa rika lake, watembee bustanini peke yao kwa mipaka mliyokubaliana na saa ya kurudi inayojulikana, na simu zao ziwe na chaji. Asiwekwe kwenye zamu ya ziwa, kwani huo ni mzigo wa mtu mzima. Akitaka mwenyewe kusimamia mchezo mmoja wa wadogo, akubaliwe na ashukuriwe mbele ya watu.

Chakula hakina haja ya maneno mengi: kila nyumba ije na chake na vyombo vyake, na wewe uje na cha nyumba yako, basi. Ukiendelea kuwapikia wote, wataendelea kukuachia, na hutakuwa na haki ya kulalamika. Vinavyoharibika visikae nje ya ubaridi zaidi ya saa mbili, au saa moja ikiwa joto limepita nyuzi 32, na maji ya kunywa yawe mengi kuliko mnavyodhani yanahitajika.

Mambo mawili madogo yanayosahaulika. Mzazi asiteleze kwenye mteremko wa michezo ya watoto akiwa amempakata mtoto mapajani. Inaonekana kuwa ndiyo njia ya usalama, kumbe mguu wa mtoto ukinasa ukingoni, uzito wa mtu mzima huendelea kuteremka na mfupa huweza kuvunjika. Na radi ikisikika, hata kwa mbali, wote waondoke chini ya miti na viwanjani, waingie ndani ya jengo au garini, wasitoke mpaka zipite dakika 30 tangu mngurumo wa mwisho. Hapo wacheza mpira watabisha. Wabishe wakiwa garini.

Limebaki la wifi, ambalo naona ndilo ulilotaka kuuliza tangu mwanzo. Usimwendee na hesabu ya nani alikuwa wapi, kwa sababu hesabu hiyo haina mshindi. Mpigie simu mkiwa wawili, si katika kundi la familia, umwambie: "Wifi, siku ile sote tulitishika. Maneno yako yaliniumiza, na sitaki tuendelee hivi. Safari hii naomba mimi na wewe tupange zamu za watoto pamoja." Umetaja maumivu yako bila kumshtaki, na umempa nafasi ya kusimama upande wako. Yeye ni shangazi wa mtoto yule. Ukali wake pale ziwani huenda ulitokana na woga ule ule uliokuwa nao wewe. Kama ataomba radhi, pokea. Kama hataomba lakini akakubali kupanga zamu, pokea hilo pia, kwa kuwa wapo watu ambao radhi yao hutoka kwa vitendo. Kama atarudia yale yale, mumeo ndiye wa kumjibu dada yake. Ukimya wake siku ile uliruhusu maneno yale yasimame, na anapaswa kulisikia hilo kutoka kwako, nyumbani, watoto wakiwa wamelala.

Umeuliza kama ukatae. Usikatae safari, kataa safari isiyo na waangalizi. Mashemeji wakiona zamu za nusu saa ni usumbufu, nendeni wewe, mumeo, watoto wenu na mama mkwe, siku nyingine yenye watu wachache, na mtaifurahia zaidi. Wakikubali, ujumbe kwa familia uandikwe na mume, utaje saa ya kufika, nani atatangulia, majina ya waangalizi kwa zamu, na kwamba kila nyumba itajitegemea kwa chakula. Autume wiki hii, kabla mama mkwe hajatangaza tarehe, maana tarehe ikishatangazwa kila mtu atasema mipango imekwisha fanywa.

Shangazi